Je, Kilicho Twahara Hakidhuru?



Ijumaa moja asubuhi, hapa Kiriri, tulikuwa wanne tukiosha chumba tunachosalia. Ndugu mmoja alimimina nusu pakiti ya sabuni ya unga kwenye ndoo, akaongeza kikombe kizima cha javeli, tukasugua mpaka macho yakatuwasha. Tulipomaliza, povu likateremka mtaroni. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza akauliza: "Kaka, povu hili linakwenda wapi?" Akajibiwa: "Ziwani. Usiwe na wasiwasi, maji mengi hayanajisiki."

Jibu hilo lina elimu ndani yake. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, maji yakifika qullatayn, takribani pipa moja kubwa, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi, isipokuwa yabadilike rangi, ladha au harufu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470. Isitoshe, sabuni yenyewe si najisi. Kifiqhi, ndugu yetu hakukosea.

Lakini hilo silo aliloulizwa. Hukumu ya twahara hujibu swali hili: je, naweza kutawadha kwa maji haya? Haijibu swali la pili: je, nina haki ya kumtilia mwenzangu kitu hiki katika maji yake? Moshi wa makaa ni twahara, lakini ukilala na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa, hutaamka. Mtume (s.a.w.) alikataza kudhuru, wala hakusema kwamba katazo hilo ni la najisi peke yake.

Sasa tutazame dhara lenyewe. Baadhi ya sabuni za unga zina fosfati, ambayo ndani ya maji huwa mbolea ya mwani. Mwani ukizidi, hufa na kuoza, na kule kuoza hula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Ziwa letu hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake huchukua karne nyingi kubadilika. Kinachoingia humo hakiondoki upesi. Humo ndimo wanamotoka ndagala na mukeke, na humo ndimo REGIDESO inamochota sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura. Maji ninayotawadhia yametoka kule ninakopeleka povu langu.

Sote tunaijua hadithi ya watu waliogawana merikebu, wa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Nia yao ilikuwa njema, na upande ule ulikuwa wao. Hapa mjini mambo yamegeuka: sisi wa mlimani ndio tunaotoboa, na walio bondeni na ufukweni ndio wanaoyaona maji kwanza.

Utaniambia: ndoo moja si kitu mbele ya ziwa lile, na udongo unaoporomoka milimani pamoja na maji machafu ya viwanda huliumiza zaidi. Ni kweli. Lakini kosa kubwa la mwingine halifuti kosa dogo langu. Kiwanda sitaulizwa mimi, ndoo nitaulizwa.

Utaniambia tena: chupa zile za madukani zenye picha ya jani la kijani ni ghali, na mwanafunzi anaishi kwa kuhesabu faranga. Hilo nalo ni kweli, na Mwenyezi Mungu (s.w.t.) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Tena picha ya jani si ushahidi. Soma kilichoandikwa nyuma. Ila sidhani kama wajibu wetu unaanzia dukani. Unaanzia kwenye kipimo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, chini ya lita moja. Mwenye mwenendo huo hawezi kutufundisha kwamba povu likiwa jingi ndiyo usafi umekamilika.

Kipimo hakina bei. Vijiko viwili vya sabuni vinatosha ndoo ya sakafu. Sabuni ya kipande iliyopikwa kwa mawese huoza kwa urahisi, na kwa nguo nyingi inatosha. Sufuria iliyoungua hung'aa kwa majivu, kama walivyofanya bibi zetu. Madoa meupe ya bomba hutoka kwa ndimu. Javeli iwekwe kwa panapohitajika, kama chooni, na isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Tunaponunua sabuni huwa tunauliza kama ina mafuta ya nguruwe. Ni swali zuri, tusiliache. Tuongeze la pili, lile la mdogo wetu: inakwenda wapi?

Ijumaa iliyofuata alipewa yeye ndoo. Alipima vijiko viwili, hakutia javeli. Sakafu ilikuwa safi, tukasujudu juu yake, na macho hayakutuwasha.

Wallahu a'lam.