Wee Baiskeli, Pisha!

Mlinzi wa getini kazini kwetu ni mpole, na swali lake hulitoa kwa upole: "Mzee, gari bado liko kwa fundi?" Wakati huo nimeinama, nakunjua mguu wa kulia wa suruali nilioukunja alfajiri usiingie kwenye cheni, na jasho limeshafika kwenye tai. Huwa namjibu, "Bado." Nafunga baiskeli kwenye nguzo ya uzio, naingia ndani. Lakini swali huniganda mchana kutwa.

Maana wanaoingia na magari hawaulizwi kitu. Sijaona mtu akisimamishwa getini aeleze kwa nini kaja na tani nzima ya chuma kumbeba yeye na mkoba wake. Gari halidaiwi sababu, baiskeli inadaiwa. Na mpandaji asipoitoa, watu humtafutia. Kafilisika. Bahili huyo. Daktari kamwambia ana sukari. Alikaa Ulaya, karudi na mambo ya Wazungu. Majibu haya yanagombana yenyewe kwa yenyewe, ila yamekubaliana jambo moja: haiwezekani mtu mzima awe anakwenda kazini tu. Nadhani dhana tulizonazo juu ya watu karibu zote ziko hivyo. Jibu limefika kabla ya swali, basi swali halina tena kazi.

Kando ya Barabara ya Morogoro, hapa Dar es Salaam, pembeni mwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, ipo njia ya baiskeli. Naigawana na bodaboda na meza za machungwa. Ikizibwa nashuka barabarani, na huko ndiko napewa jina: "Wee baiskeli, pisha!" Utasema ni kelele za kondakta. Mimi nasikia mtu akihamishwa ngeli, anatolewa kwenye A-WA anatupwa kwenye I-ZI. Ajabu ni kwamba dereva naye huhamishwa, ila kwa faida yake. Gazeti linaandika kwamba lori limeua, basi limeparamia nyumba. Aliyeshika usukani hayumo katika sentensi. Chombo kilekile cha lugha humsitiri mmoja lawama na kumvua mwenzake utu.

Sasa nenda Tanga. Mji ni tambarare, baiskeli ni nyingi. Mzee wa kanzu na kofia anakwenda kuswali alasiri juu ya baiskeli yake, anapishana na mwalimu, na muuza mikate, na binti mwenye kikapu kwenye karia. Hakuna anayeshangaa. Rahisi kusema kwamba dawa ni wingi, lakini sidhani. Dar es Salaam pia baiskeli zipo: wauza samaki wanatoka nazo soko la Feri asubuhi, tenga limefungwa nyuma kwa mipira, na heshima hawapati. Tofauti ni kwamba kule Tanga baiskeli haikwambii aliyeikalia ni nani, kwa kuwa kila aina ya mtu anaikalia. Inakubidi umtazame usoni.

Julai 2024, Mark Rutte alikabidhi uwaziri mkuu wa Uholanzi aliokuwa ameushika tangu 2010, akapanda baiskeli akaondoka. Video ikasambaa mpaka kwenye simu zetu, na watu wakasifu: unyenyekevu ulioje! Hata sifa hiyo naiona ni dhana tu iliyovaa nguo safi. Mchuuzi wa samaki aliyepita mbele yetu asubuhi ileile hakusifiwa unyenyekevu na mtu yeyote.

Nami si msafi. Jumapili nikiwaona kwenye Barabara ya Bagamoyo wale wenye helmeti na nguo za kubana, wakienda kwa mstari, moyoni nasema, "Hao wana hela za kuchezea." Sijawahi kumsimamisha hata mmoja nikamuuliza anakaa wapi, anafanya kazi gani, anakwenda wapi.

Juzi niliamua kumwambia mlinzi ukweli. Gari haliko kwa fundi, nikamwambia, kwa sababu sina gari na sijawahi kuwa nalo. Alicheka sana, akanifungulia geti.

"Acha utani, mzee."

Leo asubuhi kaniuliza tena.