Muziki wa Nyumbani na Anasa ya Namba

Tangu Philips na Sony walipoiingiza CD sokoni mwaka 1982, ubora wa muziki uliorekodiwa kidijiti umekuwa ukielezwa kwa namba mbili: ya kwanza ni idadi ya vipimo vinavyochukuliwa kila sekunde, vinavyoitwa sampuli, na ya pili ni idadi ya biti, yaani tarakimu za sifuri na moja zinazotumika kuandika ukubwa wa kila sampuli. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde na kuandika kila moja kwa biti 16. Kile ambacho huduma za muziki wa mtandaoni hukiuza leo kwa jina la sauti ya ubora wa juu ni faili linalovuka namba hizo, wakati mwingine likifika biti 24 na sampuli 192,000 kwa sekunde, na swali linalomhusu msikilizaji wa nyumbani, ambaye sasa huiona alama ya ubora huo kwenye simu yake bila hata kuiomba, ni kama ziada hiyo inamfikia masikioni au inaishia kwenye bando.

Nadharia yenyewe haina utata mkubwa kama matangazo yanavyodokeza. Kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928 kuhusu telegrafu, iliyokamilishwa na Claude Shannon mwaka 1949, ilionyesha kwamba wimbi la sauti linaweza kujengwa upya lote, bila pengo wala kukisia, mradi idadi ya sampuli izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo, masafa yakiwa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde inayopimwa kwa hezi. Kwa hesabu hiyo CD hubeba kila kitu hadi kufikia karibu kilohezi 22, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukoma kwenye kilohezi 20, na watu wengi wa makamo, ambao ndio hasa wenye fedha za kununulia vifaa vya gharama, hawasikii tena yaliyo juu ya kilohezi 15. Kitufe cha mwisho upande wa kulia wa piano hutoa noti ya hezi 4,186 tu, na yote yaliyo juu yake ni sauti ndogo ndogo zinazoandamana na noti na kuipa kila ala rangi yake. Picha ya ngazi yenye vidato ambayo wauza vifaa hupenda kuionyesha, vidato vipana vikiwa vya CD na vyembamba vya sauti ya ubora wa juu, inapotosha basi, kwa kuwa kinachotoka kwenye kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme ni wimbi laini katika hali zote mbili.

Biti nazo zina mpaka wake. Kila biti moja huongeza takriban desibeli 6 kwenye nafasi iliyopo kati ya mnong'ono wa chini kabisa na kishindo cha juu kabisa, hivyo biti 16 hutoa desibeli 96 na biti 24 hutoa 144. Sebule tulivu, usiku, pangaboi likiwa limezimwa, haishuki sana chini ya desibeli 30, na anayetaka kuzitumia zote 96 juu ya utulivu huo atalazimika kupiga muziki kwa nguvu ya desibeli 126, ambayo huumiza masikio na kumwamsha mjumbe wa nyumba kumi. Nafasi ya biti 24 haina sebule duniani inayoweza kuipokea.

Hata hivyo nadharia haijamshawishi kila mtu, na wapo wasikilizaji makini wanaosema kwa unyofu kamili kwamba tofauti wanaisikia. Ushuhuda wao umepimwa kwa majaribio ya kuficha, yaani majaribio ambayo msikilizaji hupigiwa matoleo mawili bila kuambiwa lipi ni lipi, na sauti za matoleo hayo husawazishwa kwanza, kwa sababu toleo lililozidi jingine kwa nusu desibeli tu huonekana bora, wala anayelisikiliza hatambui kwamba kilichomvutia ni ukubwa wa sauti. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha nchini Marekani matokeo ya majaribio 554 ya namna hiyo, na majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 na kupata asilimia 52.3, ambayo kitakwimu si bahati nasibu, na kwa waliofunzwa kabla ya jaribio kiwango kilipanda hadi karibu asilimia 60. Mwenye kutenda haki atakubali kwamba kuna kitu, lakini pia atakubali kwamba kitu kinachohitaji mafunzo, ukimya na maelfu ya marudio ili kijitokeze hakiwezi kuwa sababu ya mtu kufurahia au kutofurahia wimbo akiwa anakula chakula cha jioni. Meyer na Moran waligundua jambo jingine lenye uzito zaidi: diski nyingi za ubora wa juu walizotumia zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida kwa sababu mafundi wake walizichanganya na kuzikamilisha kwa uangalifu zaidi, na uzuri huo ulibaki palepale hata zilipopunguzwa hadi viwango vya CD.

Hapo ndipo soko na tamaa ya binadamu vinapokutana. Namba inaweza kulinganishwa dukani, mbele ya marafiki na kwenye kasha la bidhaa, wakati uangalifu wa fundi hauna kipimo cha kuandikwa ubavuni mwa boksi. Mwanamuziki Neil Young, ambaye mapenzi yake kwa sauti safi hayana shaka, alikusanya mwaka 2014 zaidi ya dola milioni 6 kutoka kwa wapenzi wa muziki ili kutengeneza kifaa cha Pono, kilichouzwa kwa dola 399, na kufikia mwaka 2017 mradi huo ulikuwa umekufa. Kampuni ya Apple ilipoanza kutoa muziki wa ubora huo mwezi Juni mwaka 2021 haikuongeza bei, na katika maelezo yake kwa wateja ilikiri yenyewe kwamba faili la kawaida la huduma yake na faili lisilopoteza kitu karibu haviwezi kutofautishwa. Muuzaji anayesema hivyo kuhusu bidhaa yake anastahili kusikilizwa.

Faili lisilopoteza kitu, kwa maelezo zaidi, ni lile linalofinywa kwa namna inayoruhusu kila biti ya asili kurudishwa, kama ilivyo kwa umbizo la FLAC, tofauti na MP3 na jamaa zake ambazo hutupa yale ambayo sikio linadhaniwa haliyahitaji. Msikilizaji anaweza kulipia faili la namna hiyo na bado asilisikie kamwe, na njia ya upotevu huo inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Simu janja hupokea faili la FLAC, hulifungua, na mara nyingi hubadilisha idadi ya sampuli zake ili zilingane na mpangilio wa mfumo wa simu. Kisha, kwa kuwa spika ndogo iliyo juu ya kabati imeunganishwa kwa Bluetooth, simu hulifinya upya kwa umbizo jingine linalopoteza, na lile la kawaida kabisa, liitwalo SBC, kwa kawaida halizidi kilobiti 330 hivi kwa sekunde. Gigabaiti zilizolipiwa zimefika mezani, lakini kilichoruka mita mbili kutoka simu hadi spika hakina tofauti kubwa na MP3.

Hesabu ya bando yenyewe si ndogo. Saa moja ya muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hutumia megabaiti 144, saa hiyohiyo kwa ubora wa CD katika FLAC hutumia takriban mara mbili au tatu ya kiasi hicho, na kwa biti 24 na sampuli 192,000 inaweza kuvuka gigabaiti 2 hata baada ya kufinywa. Mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani hatajali, lakini anayenunua bando la wiki atakuwa anateketeza fedha kwa ajili ya masafa ambayo labda popo wangeyafurahia.

Upotevu unaosikika kweli uko kwingine, na unawagusa watu wengi zaidi. Ni wimbo uliochotwa kwenye video ya mtandaoni, ukageuzwa MP3 ya kilobiti 96, ukaingizwa kwenye flashi na kijana mwenye kompyuta kandokando ya stendi, ukatumwa kwa simu, ukafinywa tena, hadi visahani vya shaba vya tari, ambavyo vilipopigwa studio vilitoa mlio mkavu na wa kumetameta, vinasikika kama maji yanayochuruzika. Aliyezoea nakala ya namna hiyo akisikiliza toleo safi la kilobiti 256 atashtuka, atasikia pumzi ya mwimbaji na kidole kikiteleza kwenye waya wa udi, na mshtuko huo hatauonja tena akipanda kutoka hapo hadi kilele cha namba zinazotangazwa. Wafanyabiashara wanaona faida zaidi katika kuuza ngazi ya pili kuliko ya kwanza, jambo ambalo halishangazi.

Kisha kuna chumba, ambacho karibu hakuna tangazo linalokitaja. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, na katika sebule yenye kuta mbili za saruji zinazotazamana kwa umbali wa mita 4 wimbi la hezi 43 hivi hujirudia kati ya kuta hizo na kujiongezea nguvu, masafa ambayo yako jirani kabisa na noti ya chini ya gitaa la besi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mjini zenye sakafu ya vigae na madirisha ya vioo besi huvuma kama ngoma tupu mahali pamoja na kupotea kabisa hatua mbili pembeni, huku maneno ya mwimbaji yakigongana na mwangwi wake. Zulia, pazia zito, kochi la kitambaa, rafu ya vitabu, na kuiondoa sabufa kwenye kona ambako imewekwa kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi, ni mambo yanayobadilisha muziki kiasi cha kutambuliwa na mtoto wa shule, tena bila jaribio la kuficha. Hata hivyo wengi wako tayari kulipia huduma ghali kila mwezi kuliko kusogeza kabati.

Kwa msikilizaji wa muziki wa Afrika Mashariki, mjadala huu una upande wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya hazina yake ilirekodiwa katika hali ambazo namba za leo haziwezi kuzirekebisha. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, kilichotoka kilikuwa santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zenye dakika tatu au nne kila upande, na ambazo juu ya kilohezi 8 zilibeba mkwaruzo wa sindano zaidi kuliko muziki. Nusu karne baadaye bendi za dansi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye mikanda ya sumaku, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na taifa likazisikia kupitia mawimbi ya kati na mafupi ambayo hayakupitisha masafa mengi zaidi ya kilohezi 5. Watu walioutambua uimbaji wa Marijani Rajab au gitaa la Mbaraka Mwinshehe kwa sekunde chache za kwanza walifanya hivyo kwa robo ya upana ambao CD inautoa, na hakuna dalili kwamba walipenda kidogo.

Lakini ni katika hazina hiyohiyo ambapo namba kubwa zina kazi ya kweli, nayo ni kazi ya fundi anayehamisha mkanda wa zamani kwenda kwenye kompyuta. Yeye hajui mapema kishindo cha juu kabisa kiko wapi, hivyo biti 24 humpa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini bila hofu ya kukatwa kwa vilele wala kuzama kwenye kelele. Na mkwaruzo ambao msikilizaji angeuchukia ni ushahidi anaouhitaji, kwa kuwa programu ya kusafisha huutofautisha na muziki vizuri zaidi ikiwa imeupata pamoja na masafa yake yote ya juu. Mashine ya mkanda iliporekodi ilichanganya muziki na wimbi la masafa yasiyosikika kabisa, na mabaki ya wimbi hilo, yakinaswa kwa sampuli nyingi za kutosha, huwawezesha mafundi kupima mahali mkanda ulipokwenda kasi na mahali uliposuasua, kisha kuinyoosha noti iliyopinda. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video kinapendekeza biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa kazi ya namna hii, na hifadhi nyingi huchagua 96,000, maana gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye mikanda mingi ya miaka ya 1970 huharibika na kunata, na mkanda mwingine huenda ukazungushwa mara moja tu kabla haujafa. Fedha na gigabaiti zinastahili kutumika hapo bila kubania. Nakala itakayotolewa baadaye kwa msikilizaji aliyeketi barazani kwake Tanga au Bujumbura inaweza kuwa ya kilobiti 256, naye asikose noti hata moja.