Mjumbe Aliyechelewa na Divai Tamu

Katika nchi ya Ujerumani, juu ya mto Rhine, kuna kilima kiitwacho Johannisberg. Mtelemko wake ni mkali, tena umeelekea kusini, hata jua huupiga mchana kutwa. Wamonaki Wabenedikto walikaa huko tangu mwaka 1100 hivi. Na mwaka 1720 kilima kilipandwa mizabibu ya namna ya Riesling, izaayo divai nyeupe.

Siku zile kilima kilikuwa mali ya askofu mtawala wa Fulda, aliyekaa mbali, zaidi ya kilomita 100. Amri yake ilikuwa hii: mtu asikate hata kichala kimoja kabla mjumbe hajaleta ruhusa. Mwaka 1775, kama isimuliwavyo, mjumbe alichelewa sana. Kwa sababu gani? Kila msimulizi ana yake. Wengine hutaja wanyang'anyi, wengine mapenzi. Zabibu zikasinyaa, zikaota kuvu. Alipofika, zikachumwa hivyo hivyo, na divai yake ikawa tamu ajabu. Kwa maana kuvu ile hutoboa ganda la zabibu, maji hupotea, sukari hubaki. Watu wa Tokaj, huko Hungaria, walikuwa wamekwisha kuyajua hayo.

Je, kuchelewa kuligeuka tendo jema kwa kuwa tunda lake lilikuwa tamu?

Sivyo. Baba akikawia kumpeleka mwanawe mgonjwa hospitali, kisha mtoto akapona, jamaa hushangilia, lakini hawausifu uvivu wa baba. Kuvu ile ile, mvua zikizidi, huozesha kichala chote kikawa hakifai kitu. Mjumbe hakulijua jambo hilo wala hakulikusudia. Hata mwenye amri ana sehemu yake katika lawama: aliwafunga mikono watu walioziona zabibu kila siku, naye hakuziona.

Miaka iliyofuata watu wa Johannisberg walichelewesha mavuno kwa kusudi. Siku zilizopita bure ni zile zile, lakini tendo si lile lile. Hawa waliitazama hewa, wakapima hatari, wakakubali kwamba huenda wakakosa vyote. Kwao utamu ulikuwa ujira.

Hata hivyo, uani pa jumba la Johannisberg imesimamishwa sanamu ya mjumbe yule juu ya farasi wake.