Nasaha kwa Waumini wa Ziwani

Ndugu yangu wa mtaa wa Ziwani hapa Nairobi, unaishi mahali ambapo ukikohoa usiku jirani anakupa pole asubuhi. Basi ukiomba kwa sauti kuu saa nane za usiku, jirani huyohuyo, ambaye alfajiri anatakiwa Gikomba mabelo ya mitumba yakifunguliwa, anageuka kitandani akihesabu saa zilizobaki. Usilipie sala yako kwa usingizi wa mwingine. Hana wa Biblia, aliyelilia mtoto, aliomba hekaluni midomo ikitikisika tu, sauti haisikiki, hata kuhani Eli akamdhania mlevi. Na Samweli alipatikana. Wenye spika za kesha wasome tena kisa hicho.

Kazi nayo ina haki yake. Umechukua arbuni ya mteja hapo sokoni Kariokor, ukaahidi viatu Ijumaa. Ijumaa mchana amefika, kibanda kimefungwa, nawe uko kwenye maombi ya saa saba mjini. Jioni usimwambie eti shetani alikupiga vita. Arbuni ni ahadi. Katika Mathayo sura ya 5, Bwana anamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Ikiwa sadaka iliyokwisha kufika madhabahuni inaweza kungoja, maombi ya mchana yatangoja soli mbili zishike gundi.

Kuna na mwenzetu wa upande wa pili, na kwake ninakuwa mkali zaidi kwa sababu yeye husifiwa. Ndiye mweka hazina wa jumuiya, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ndiye anayeazima sufuria kubwa za kila harusi. Simu yake hailali kwa michango. Mwaka unakwisha hajakaa robo saa kimya mbele za Mungu. Utamtambua matangani: anapakua chakula huku akitaja kwa majina wasiokuja kumenya viazi. Wengi humtetea kwa kusema kwamba kama si yeye mambo yangelala. Huenda ni kweli, lakini waliolishwa wameondoka wamevunjika moyo.

Martha wa Luka 10 hakukosea kupika. Mgeni lazima ale. Aliharibu pale alipomshtaki dada yake mbele ya mgeni, na Yesu akamgusia mahangaiko yake, wala hakutia neno juu ya chungu chake.

Mfano wa kuunganisha sala na kazi hauko mbali na soko letu. Kariokor ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata aliwauguza wapagazi hao Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Baadaye, katika misheni ya Gikondi huko Nyeri, alifundisha, tena akawa mwandishi wa barua wa akina mama wasiojua kusoma, ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini. Wenyeji walimwita Nyaatha. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, kwa tauni iliyompata akimuuguza mwalimu mmoja. Alitangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Mwanzilishi wa shirika lake, Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2024, aliwasisitizia wamisionari watafute utakatifu kwanza ndipo waende kazini, na kwamba wema utendwe vizuri, bila makelele. Mimi naona somo la makelele ndilo tunalolihitaji zaidi Eastlands.

Utaniuliza kimya kitatoka wapi katika chumba kimoja chenye watoto wanne na redio ya jirani. Kitafute njiani. Unapotembea kwa miguu kwenda mjini asubuhi, usiweke simu sikioni. Mpe Mungu njia hiyo. Foleni ya maji nayo inafaa, ukijizuia kusengenya. Nyumbani, patana na mwenzi wako dakika kumi ambazo mmoja anawashika watoto na mwingine anatulia, kisha mbadilishane. Anayetulia asitumwe dukani.

Na mtu akibisha hodi katikati ya dakika hizo, amka umfungulie kwa uso mwema. Vinsenti wa Paulo, kule Ufaransa katika karne ya 17, aliwaruhusu masista wake kuacha sala wanapoitwa na maskini, maana hapo wanamwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Ila aliyebisha akishahudumiwa, rudi ukamalize. Wengi wetu huamka vizuri, tatizo ni kurudi.

Nanyi wachungaji na makasisi wetu, mnapopanga ratiba za mikutano, ushirika na mazoezi ya kwaya, acheni walau jioni mbili za juma waumini wawe nyumbani na watoto wao.