Je, Maandiko Matakatifu Yatufundisha Elimu ya Viumbe?



Katika vijiji vinavyoizunguka Kamina swali moja laulizwa mara kwa mara, shuleni, barazani, na hata baada ya sala ya Dominika. Laulizwa hivi: Ikiwa Biblia ni Neno la Mungu, na Mungu ajua yote, je, elimu yote haimo ndani yake? Habari za nyota, umri wa dunia, magonjwa na dawa zake, je, hazikuandikwa humo tangu kale, zikingoja mtu mwenye macho ya kuziona?

Swali hili si la mchezo. Jibu lake lagusa imani ya kijana anayerudi kutoka shuleni na daftari mkononi. Lagusa pia uhai wa mtoto mchanga ambaye mama yake anasitasita kumpeleka apate chanjo. Kwa hiyo yafaa tulitazame polepole.

Njia mbili za kupotea

Wako wanaosema: Yote yamo katika Kitabu, shule ya nini, na hospitali ya nini? Wako na wengine, hasa vijana waliosoma kidogo, wanaosema: Mwalimu afundisha kwamba dunia ina miaka mabilioni, na Kitabu chataja siku sita; basi Kitabu ni uongo, tukiache.

Watu hawa wawili hugombana, lakini kosa lao ni moja. Wote wawili wadhani kwamba Biblia iliandikwa ili kufundisha elimu ya viumbe. Wa kwanza aona imefaulu, wa pili aona imeshindwa. Hakuna aliyeuliza kwanza: Kitabu hiki kiliandikwa kwa nia gani?

Wala jambo hili si la Wakristu peke yao. Mwaka 1976 daktari Mfaransa, Maurice Bucaille, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba Korani yapatana na sayansi ya leo, na Waislamu wenyewe hawakubaliani wote juu ya njia hiyo ya kusoma. Sisi tuseme habari za Kitabu chetu.

Kamba na kinu

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 7, chaeleza habari za birika kubwa la shaba ambalo mfalme Solomoni alilifanyiza kwa ajili ya Hekalu. Lilikuwa la mviringo. Upana wake, toka ukingo hata ukingo, ulikuwa dhiraa 10, na kamba ya kulizunguka dhiraa 30. Dhiraa ni kipimo cha toka kiwiko hata ncha ya kidole.

Sasa chukueni kamba mpime kinu cha nyumbani. Pimeni kwanza upana wa mdomo wake, toka ukingo wa nje hata ukingo wa nje, kisha uzungusheni mdomo huo kwa kamba. Mtaona kwamba urefu wa kuzunguka ni ule upana mara tatu, tena kipande kidogo chazidi, karibu sehemu moja ya saba ya upana. Ndivyo ilivyo kwa kila chombo cha mviringo, kikubwa au kidogo. Basi birika lenye upana wa dhiraa 10 lingetaka kamba ya dhiraa 31 na zaidi.

Je, Kitabu kimedanganya? Hapana. Mwandishi alitaja hesabu nzima bila vipande, kama sisi tunavyosema kwamba kijiji fulani ni mwendo wa siku mbili. Alitaka tujue ukubwa na uzuri wa nyumba ya Mungu. Anayetafuta humo somo la hesabu ataondoka na hesabu yenye kasoro. Anayetafuta heshima ya kumwabudu Mungu ataondoka na kile alichokitafuta.

Jiwe la Shinkolobwe

Mwaka 1650 askofu mkuu wa Waanglikana katika nchi ya Ireland, James Ussher, alitoa kitabu. Alikuwa amejumlisha miaka ya wazee wanaotajwa katika Biblia, akasema kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristu. Alikuwa msomi wa kweli, naye alihesabu kwa uangalifu.

Lakini kwetu Katanga liko jiwe linalosema neno jingine. Mwaka 1915 huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalipatikana mawe yenye urani. Urani hugeuka polepole sana kuwa risasi, na mwendo wa kugeuka kwake wajulikana: urani ya aina iliyo nyingi zaidi huchukua miaka karibu bilioni 4 na nusu mpaka nusu yake iwe imegeuka. Mtaalamu hupima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, kama mtu anavyotazama kuni zilizobaki na majivu yaliyopo, akajua moto umewaka muda gani. Kwa njia hiyo urani ya Shinkolobwe imeonekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Tena mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani, akipima risasi iliyomo katika vimondo, yaani mawe yanayoanguka kutoka angani, alionyesha kwamba dunia yenyewe ina umri wa miaka karibu bilioni 4 na nusu.

Tuseme nini basi? Mungu ndiye aliyeliumba jiwe, na Mungu ndiye aliyewaangazia waandishi watakatifu. Naye hawezi kujipinga mwenyewe. Kosa ni kuiuliza orodha ya wazee swali ambalo haikuandikwa ili kulijibu.

Mtego na samaki

Wengine hujibu: Elimu imo, ila imefichwa. Hutoa mfano wa nabii Isaya, asemaye kwamba Mungu amezitandaza mbingu kama mtu atandazavyo kitambaa. Wataalamu wa leo, wasema watu hao, wamegundua kwamba ulimwengu unapanuka. Basi Isaya alijua kabla yao!

Wavuvi wa ziwa Kisale wangemcheka mtu ambaye usiku atia katika mtego wake samaki aliyenunua sokoni, na asubuhi auinua mbele ya watu na kuusifu. Ndivyo ilivyo hapa. Maneno ya Isaya yalisomwa kwa zaidi ya miaka 2,000, na Wayahudi na Wakristu, watu wenye akili nyingi na sala nyingi. Hakuna hata mmoja aliyejifunza humo kwamba ulimwengu unapanuka. Samaki alionekana mtegoni baada ya kuvuliwa mahali pengine.

Tena aliyemvua alikuwa padri. Jina lake ni Georges Lemaître, mzaliwa wa Charleroi katika Ubelgiji, nchi walikotoka Mapadri Wafransisko wengi waliohubiri Injili kwetu Kamina. Alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927, akitumia hesabu ngumu na vipimo vya nyota, aliandika kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akasema kwamba hapo mwanzo vyote vilikuwa vimekusanyika pamoja, kama mbegu moja. Wataalamu wa leo wahesabu kwamba upanukaji huo ulianza miaka karibu bilioni 13.8 iliyopita.

Mwaka 1951 Papa Pio XII, katika hotuba kwa wataalamu huko Roma, alikaribia kuiunganisha elimu hiyo na lile neno la Mungu la kuamuru nuru iwepo. Watu wengi wangetazamia Padri Lemaître afurahi. Yeye alihuzunika. Alieleza kwamba elimu yake yasimama au yaanguka kwa vipimo na hesabu, haikuja kuthibitisha imani wala kuikanusha. Mwaka 1952 Papa aliwahutubia tena wataalamu wa nyota, wala hakulirudia jambo lile.

Kwa nini padri alikataa sifa ile? Kwa sababu elimu ya wanadamu husonga mbele na kujisahihisha. Katika miaka ile wataalamu wengi walikuwa bado wakilibishia wazo lake; ushahidi mkubwa ulipatikana karibu na mwaka 1965, naye akafariki mwaka 1966. Mwenye kuijenga imani yake juu ya nguzo ya elimu ya leo atafanya nini nguzo hiyo ikibadilishwa kesho?

Kanisa lenyewe limeionja hatari hii. Kitabu cha Yoshua, sura ya 10, chasema kwamba jua lilisimama. Mwaka 1633, kwa kuyachukua maneno kama hayo kuwa somo la elimu ya nyota, mahakama ya Kanisa ilimhukumu Galileo, aliyefundisha kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Yafaa tujifunze kwa jeraha hilo, tusilitoneshe.

Kwa nini Mungu hakuandika yote?

Hapa mtu atauliza: Mungu hakuweza kutuandikia elimu yote? Aliweza. Lakini someni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2. Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu, akangoja aone atawaita majina gani. Hakumnong'oneza majina. Alimwachia kazi hiyo, kwa maana alikuwa amempa akili. Mtu anayechunguza wadudu, mawe na nyota aendelea na kazi ile aliyopewa Adamu. Anayetaka Kitabu kimfanyie kazi hiyo airudisha zawadi ya Mungu bila kuitumia.

Tena kila andiko lina namna yake ya kusomwa. Wazee wa Kiluba walikuwa na lukasa, ubao uliopambwa kwa shanga na makombe, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole ili wakumbuke habari za ufalme. Mgeni akizihesabu shanga apate kujua bei yake sokoni, hesabu yake yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado hajasoma hata neno moja. Vivyo hivyo Papa Pio XII, mwaka 1943, alifundisha kwamba yafaa kuzichunguza namna za kuandika walizozitumia watu wa kale. Kabla yake, mwaka 1893, Papa Leo XIII alikuwa amefundisha kwamba waandishi watakatifu hawakukusudia kueleza maumbile ya vitu vionekanavyo. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulieleza kwamba Maandiko yafundisha bila kosa ile kweli ambayo Mungu alitaka iandikwe kwa ajili ya wokovu wetu.

Wala hilo si jambo jipya. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa upande wa kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba ni aibu Mkristu kusema upuuzi juu ya nyota na viumbe, akidai kwamba Biblia ndiyo isemayo hivyo. Wasioamini wanaojua mambo hayo watamcheka. Kisha watawezaje kumsadiki asemapo habari za ufufuko?

Maji ya Lualaba

Mwisho tutazame jambo linalogusa uhai. Kitabu cha Walawi, sura ya 15, chaamuru mtu aliye najisi aoge katika maji yanayotiririka. Wengine hudai kwamba Musa alijua habari za vijidudu. Lakini kando ya mto Lualaba, huko Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, kipindupindu hurudi mara kwa mara, na maji yatiririkayo yaweza kukibeba. Aliyejifunza udaktari katika Walawi atayanywa maji hayo kwa amani, na jioni atakuwa mahututi. Sheria ile ilikuwa ya usafi wa ibada mbele ya Mungu. Vijidudu vya kipindupindu vilichunguzwa na Robert Koch huko India mwaka 1884, kwa darubini na kazi nyingi. Kutoka elimu ya namna hiyo twajua kwamba maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Kumbukeni pia surua. Mlipuko ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, na wengi walikuwa watoto wadogo. Chanjo ya surua haimo katika Biblia. Lakini Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kwamba mganga aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba mwenye busara hadharau dawa zitokazo katika ardhi. Kitabu hakitupi dawa. Chatutuma kwa yule aijuaye, tena chatuagiza kuomba tunapokwenda. Kwa hiyo mama anayempeleka mtoto wake apate chanjo hakupungukiwa na imani. Amelitii Andiko.

Maswali na majibu ya kukumbuka

Je, Maandiko Matakatifu yafundisha elimu ya viumbe?
Hapana. Yafundisha kwamba viumbe vyote vyatoka kwa Mungu, na kwamba ni vyema.

Je, elimu ya kweli yaweza kuipinga imani ya kweli?
Hapana, kwa maana chemchemi yao ni moja, naye ni Mungu.

Mkatekumeni afanye nini akisikia kwamba vinapingana?
Asikikimbie Kitabu wala asiikimbie shule. Aulize: Andiko hili lataka kunifundisha nini juu ya Mungu, na juu ya njia yangu ya kwenda kwake?