Upanga Uko Juu



Juzi nilikutana kwenye simu na picha ya sanamu ya shaba, kazi ya mwaka 1843 ya Mfaransa Antoine-Louis Barye. Ni hadithi ya Wagiriki wa kale: shujaa Theseus anapambana na Minotaur, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali. Kiumbe huyo amemng'ang'ania, karibu kama anamkumbatia. Theseus ametulia usoni. Upanga uko juu, bado haujashuka.

Niliitazama sana, nikajiona. Nina dhambi moja ninayoiungama kila mara, halafu nikirudi nyumbani naifungulia mlango. Je, huko ni kupambana? Nilikuwa najiambia eti napigana, kwa kuwa naona aibu, nalia, nasali. Kumbe tumeshikana tu, na joto lake nimelizoea. Upanga siushushi kwa sababu Minotaur yule ni nusu mtu, na mtu huyo ni mimi. Nikimpiga, nitaumia.

Basi nadhani vita vya kweli huanza pale ninapokubali kupoteza kitu. Kwangu ilikuwa namba moja ya simu. Nimeifuta jana usiku kabla ya kusali, mkono ukitetemeka. Utulivu wa Theseus sina. Ila yeye pale kwenye shaba yuko peke yake. Mimi ninayo neema ya Mungu.

Na wewe, upanga wako uko juu tangu lini?