Theluji Iliyoungua

Kijana mmoja wa Dar, mpiga picha za harusi, alipata kazi nono Moshi. Hoteli ilitaka picha ya Kilimanjaro ya kutundika mapokezi, upana mita tatu. Kamera yake wenzake wengi huiona dukani tu. Akajiambia kwamba mlima hautembei wala hauchelewi saluni. Hii ni kazi ya asubuhi moja.

Ilikuwa Februari, na kwa hilo hakukosea. Januari na Februari jua huchomoza likiwa limeelemea kusini, hivyo aliyesimama upande wa Moshi huiona Kibo, kilele cha mlima huo, ikipigwa mwanga wa ubavuni, makorongo na mikunjo ya barafu ikijitokeza yote. Dereva wake, mzee wa Machame, alimwambia jioni: "Mwanangu, saa kumi na moja tuwe njiani. Mlima huu ukishapambazuka haukawii kujifunika."

"Sawa, mzee," akaitika, kisha akaenda kupiga picha za sendofu aliyokuwa amechukua pembeni. Kesho yake wakaondoka saa moja na nusu.

Walipofika juu ya mashamba ya migomba, mawingu yalishafunga kiuno cha mlima. Kijana akaruka kutoka garini. Tripodi ikabaki kwenye buti. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ilikuwa bado 3200, ile ya ukumbini, wakati mchana kweupe 100 ingemtosha. Lenzi nayo ilikuwa ile pana ya kunasia meza nzima ya wageni, na lenzi pana husukuma mbali kila kilicho mbali: Kibo yenye mita 5,895 ikawa fupi kuliko nguzo ya umeme iliyokuwa mbele yake. Lenzi ndefu ilikuwa kwenye begi, na begi halikufunguliwa.

"Na hizo waya unazitaka?" mzee akauliza. "Tukisogea pale kwenye mgrevilia hazionekani."

"Nitazifuta kwenye kompyuta, mzee."

Kauli hiyo imeharibu wapiga picha wengi kuliko kamera mbovu. Waya kweli zinafutika. Kisichorudi ni theluji iliyoungua. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe haijui kama inatazama barafu au migomba, hutafuta wastani. Pale sehemu kubwa ya fremu ilikuwa migomba iliyo kwenye kivuli cha wingu, basi ikaona giza, ikaingiza mwanga mwingi, na kilele kikapita kiasi. Sehemu ikishakuwa nyeupe kabisa, hata faili ghafi haina cha kuokoa, kwa sababu hakuna kilichoandikwa humo. Kamera ina alama ya kumeta juu ya sehemu zinazoungua. Kijana alikuwa ameizima. Taa za ukumbini zilikuwa zinaimetesha, zinamkera.

Kuna aliyefanya kinyume: mwaka 1941, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alikuwa akipita kijiji cha Hernandez, New Mexico, akaona mwezi umepanda juu ya makaburi yenye misalaba iliyowaka kwa jua la kuzama. Kipimamwanga chake hakikuonekana. Lakini alijua kwa kichwa mwezi una mwangaza kiasi gani, akaanzia hapo kupanga kamera. Akapiga mara moja. Kabla hajageuza kishikio apige ya pili, jua lilishaondoka kwenye misalaba. Picha hiyo ni miongoni mwa picha maarufu zaidi za mandhari duniani. Yeye alianzia kwenye kitu king'aavu kuliko vyote, akaliacha giza lifuate. Kwa Kibo kitu hicho ni barafu: ipime yenyewe, migomba ikiwa giza sana ongeza fremu ya pili kwa ajili yake, kamera ikiwa juu ya tripodi, uziunganishe baadaye.

Mteja aliangalia picha ya kijana kwenye simu, akaridhika. Ilipochapwa kwa mita tatu, kivuli cha migomba kikajaa chengachenga na kilele kikawa bapa kama ukuta uliopakwa chokaa. "Barafu iko wapi?" akauliza. Fundi wa kuchapa alijaribu kuishusha ile nyeupe, ikageuka kijivu, bado bila mkunjo hata mmoja.

Kijana akarudi Moshi katikati ya Machi. Masika yalikuwa yameanza. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa kando ya mgrevilia, ISO 100, alama ya kumeta imewashwa, lenzi ndefu mkononi, na mlima haukuonekana siku hiyo wala zilizofuata. Hoteli ikamdai arudishe malipo ya awali. Mzee alilipwa zake zote, safari zote mbili.